Ng'ombe wa Darasa la Pili

Siku walimu wa shule ya Kisanga waliponiaga nikistaafu, nilipewa blanketi, vikombe vya chai na hotuba ndefu iliyojaa sifa ambazo nyingine sikujua ni zangu. Baada ya pilau, watu wakiwa wanarudisha viti madarasani, mwalimu mmoja kijana, ajira mpya, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, Mwalimu Zainabu. Hivi, hivi viwango vya ujifunzaji tunavyoandika kila siku, hasa ni nini?"

Nilishtuka. Kijana ana shahada, ameandika maandalio ya masomo tangu yuko chuoni, na hajui anachokiandika! Nikafungua mdomo nimjibu, nikashtuka tena, safari hii kwa ajili yangu mwenyewe, maana jibu fupi sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni mkasa mmoja wa kule Ulaya, kata yetu ya hapa Kilosa wala si kwa Wazungu, na mkasa ule hausimuliki mtu akiwa amebeba kiti kichwani. Nikamwambia nitauandika. Ninyi wengine mnaosomea begani kwake, karibuni.

Vyeo nitaviruka. Vilikuja, vikaleta vikao vingi na usingizi kidogo, na hakuna cha kujifunza humo. Habari za mshahara mnazijua vizuri kuliko mimi. Nitaanza na darasa la kwanza, kwa sababu ndiko nilikoanza.

Nilifika Ulaya nikitokea chuo cha ualimu, nimefungiwa sanduku nyuma ya baiskeli ya mtu, na viatu vya kisigino ambavyo sikuvivaa tena baada ya wiki ile. Mwalimu mkuu wa wakati huo alinipokea vizuri, akanipa maji, akanikabidhi darasa la kwanza saa hiyo hiyo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba walimu wote wenye akili zao walikuwa wanalikimbia. Watoto walijaa mpaka kizingitini. Wengine walikaa wamepeana migongo kwa kukosa nafasi.

Niliandika ubaoni: Baba analima. Darasa zima likasoma kwa sauti moja, kwa mpigo, hadi bati likaitikia. Nilifurahi, nikasema moyoni kazi yenyewe kumbe rahisi. Nikafuta neno Baba, nikaandika Mama. Nikawaelekeza kwa fimbo wasome tena. Darasa zima, kwa furaha ile ile, likasema, "Baba analima!"

Nilibaki na fimbo hewani. Sikuwahi kuogopa darasa kama siku ile. Walikuwa hawasomi. Walikuwa wanaikumbuka sauti, basi, na ningeandika hata jina la mkuu wa mkoa bado baba angelima.

Darasa la jirani lilikuwa la Mwalimu Kibwana, mtu wa Kilosa mjini, mwembamba, mwenye shati moja la kijani ambalo nadhani alizaliwa nalo. Alisikia kelele zikikatika ghafla akaja kuchungulia. Nilimweleza huku machozi yakinilengalenga. Akacheka, lakini si kwa ubaya.

"Binti yangu, usiwalaumu. Wamefundishwa kuimba, wanaimba. Ukitaka kujua mtoto anaweza nini, mkalishe peke yake."

"Wote hawa, mmoja mmoja?"

"Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa vizibo vya soda, na fungu la njiti alizozifunga kwa mpira wa baiskeli, kumikumi. Alinifundisha kwamba mtoto anayejifunza kuhesabu lazima aguse, kizibo kimoja na tamko moja, asikimbize mdomo ukauacha mkono. Alinifundisha kukaa chini, kwenye mkeka, kwa sababu mtoto hamwambii ukweli mtu aliyesimama juu ya kichwa chake. Alinionya nisitumie kabisa mbegu zilizopakwa dawa ambazo wazazi wanaotoka kwenye vibarua vya shamba la mbegu la Kilangali huwa wanabaki nazo mfukoni. Zina rangi nzuri ya waridi na mtoto atatia mdomoni kabla hujageuka. Na kila nilipokwama aliniambia neno moja: anza na kilichopo nyumbani kwao. Mtoto wa mkulima mpe mahindi, mpe mpunga, umuulize habari za magunia. Nilikuwa nikilifuata neno hilo kwa moyo wangu wote, na ni neno zuri. Wala msidhani nitamkana Mwalimu Kibwana kwa yaliyotokea baadaye.

Wakati huo muhtasari wetu wa masomo ulikuwa unamtazama mwalimu. Mwalimu ataeleza, mwalimu ataonyesha, mwalimu atamaliza mada. Mkaguzi akija anatazama umefika mada ya ngapi. Mimi nilikuwa hodari sana, mada nilizimaliza kila mwaka. Watoto ndio hawakumaliza.

Kisha mtaala ukabadilika, tukaitwa semina Mikumi. Tulikaa katika darasa lililo karibu na pori, na kabla hata ya kufungua semina nyani aliingiza mkono dirishani akaondoka na mfuko mzima wa vitumbua vya mapumziko. Mwezeshaji, mama mmoja kutoka Morogoro, mpole, miwani imemkaa puani, alisubiri vurugu zitulie. Akaandika ubaoni: Mtoto anaweza nini? Akakaa chini.

Tukasubiri aendelee. Hakuendelea. Mwalimu mmoja wa Ulaya akanong'ona, "Huyu naye ameibiwa na nyani nusu ya somo."

Yule mama akasikia, akacheka, akasimama. Akatufungulia muhtasari mpya na kutuonyesha safu zake, ambazo ndizo hivyo viwango vyenyewe. Safu ya kwanza ni umahiri, yaani kile ambacho mtoto anatakiwa aweze kukifanya: kwa mfano, kuhesabu vitu. Inayofuata ni shughuli, yaani njia mojawapo ya kumfikisha huko: ahesabu maembe, ahesabu madawati, ahesabu chochote. Halafu kigezo, ambacho ndicho kipimo: amehesabu kwa usahihi, au hakuhesabu. Akasema jambo ambalo wote tuliliandika. Alisema shughuli ni mali yako mwalimu, ibadilishe utakavyo kufuatana na mtoto uliye naye, lakini kigezo si chako, usikiguse.

Nilirudi Ulaya nimechanganyikiwa kwa furaha na hofu. Nikawaita wanafunzi wangu wa wakati huo, darasa la tatu, mmoja mmoja kwenye mkeka. Alikuwepo msichana wa kwanza darasani, anayeongoza wenzake kuimba jedwali la kuzidisha mpaka mwisho bila kupumua. Nikamuuliza, kati ya kumi na tisa na ishirini na moja, ipi ni kubwa? Akaniambia kumi na tisa, kwa sababu ina tisa. Mada nilikuwa nimezimaliza!

Sasa tazameni kilichotupata. Tulitoka semina ile tukiwa tumeandika maneno yale yale, lakini tulipofika makwetu tukafanya kinyume chake. Mtoto akishindwa, mwalimu anamhurumia na kulegeza kigezo: ah, amekaribia, mpe tu. Lakini shughuli iliyochorwa kwenye kitabu, hiyo anaishika kama amri. Nimepita shule nyingi baadaye nikiwa mratibu wa elimu wa kata, na jambo hilo nimelikuta kila mahali, kwa walimu wazuri na wavivu sawasawa. Hata leo lipo.

Miaka nilipokuwa mratibu wa kata ya Ulaya ndipo familia za wafugaji kutoka mikoa ya ziwa zilipokuwa zinaendelea kuingia kwenye mabonde yetu. Walijenga kitongoji chao mbali na barabara, wakalima na kuchunga. Watoto wao walikuja shuleni asubuhi miguu imelowa umande hadi magotini, wapole, wa maneno machache, Kiswahili chao kidogo kidogo. Shikamoo zao lakini zilikuwa kamili kuliko za watoto wetu wa hapa. Kwenye kikao cha kata tukawajadili, na wala hatukuwajadili kwa ubaya. Mwalimu mmoja mwenye mkono mzuri wa kuchora akasema, jamani, hawa watoto tuwape kitu cha nyumbani kwao. Kipimo cha kuhesabu cha darasa la pili tuwachoree ng'ombe. Watu wakapiga makofi. Na wale ng'ombe walitoka kweli, wana nundu, wana pembe, mmoja ana baka jeupe begani. Shule za zamani ziliwahi kuchora ng'ombe ubaoni kwa sababu hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeona jipya.

Kipimo kikafanyika. Nilipofika Ulaya kuangalia matokeo, mwalimu wa darasa la pili, Mwalimu Neema, binti mchapakazi ambaye ningetamani kuwa naye katika kila shule, alinipokea na uso umemshuka.

"Mwalimu, nimewapima mmoja mmoja kwenye mkeka kama ulivyotufundisha. Watoto wa hapa wengi wamepata. Wale wa kule kitongojini, hakuna hata mmoja."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Nawauliza ng'ombe wangapi, wananitazama. Kuna mmoja anaitwa Kabula, huyo ana akili, anasoma vizuri kuliko wote. Nimemuuliza ng'ombe wangapi hapa, akaniambia, 'Wapo.' Nikamwambia ndiyo, wapo, ila wangapi? Akatazama chini. Nikambembeleza sana. Akasema, 'Wote wapo, mwalimu.'"

Niliomba karatasi niione. Ng'ombe saba! Mtoto aliyezaliwa katikati ya ng'ombe, aliyejifunza kutembea kwa kushika mkia wa ndama, anashindwa kuhesabu ng'ombe saba waliochorwa wazi wazi. Nilijiuliza labda macho yake yana tatizo. Nikajiuliza labda ni njaa ya asubuhi. Neema alikuwa ameshajiuliza yote hayo, na hata uji alikuwa amempa.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa haki na mtu wa sheria, na aliamua kwa mujibu wa kigezo: ambaye hajaweza, arudie darasa. Wazazi wa wengine walikubali kimya kimya. Baba yake Kabula, Mzee Luhende, yeye alileta ujumbe. Mvua zikikatika atasogea kusini na mifugo, akitafuta malisho. Alikuwa amepanga kumwacha Kabula kwa shangazi yake hapo Ulaya aendelee na shule. Lakini kama mtoto hawezi, asipotezewe muda. Ataondoka naye akachunge.

Neema aliniambia habari hiyo tukiwa tumesimama nje ya darasa, na Kabula alikuwa anafagia karibu yetu. Najua alisikia. Aliendelea kufagia mahali pale pale palipokwisha kuwa safi. Nikamwambia mwalimu mkuu amwite mzee aje tuzungumze kabla hajafungasha.

Walikuja asubuhi, Mzee Luhende kwa miguu na fimbo yake, na Kabula kwenye baiskeli ya kaka yake mkubwa, Masanja, kijana mwenye ndevu na mke tayari, ambaye baba yake alimleta awe mkalimani kwa kuwa Kiswahili cha mzee mwenyewe kilikuwa cha sokoni tu. Tuliingia ofisini. Nikamwamkia mzee, akaitikia marahaba kwa sauti nene, na Kabula akaenda kusimama ukutani, mikono nyuma.

Mwalimu mkuu alieleza kwa adabu. Masanja akatafsiri. Mzee akatikisa kichwa polepole, akasema neno.

"Baba anauliza," Masanja akasema, "huyu mtoto ameshindwa nini hasa. Maana nyumbani ukimtuma mahali analeta kitu sawasawa."

Neema akamwekea ile karatasi mezani. "Ameshindwa kutuambia hapa pana ng'ombe wangapi."

Mzee Luhende aliinama akaitazama. Aliitazama kwa muda, na nikaona kidole chake kikipita juu ya yule mwenye baka, kama anayemtambua. Halafu Masanja alipomaliza kutafsiri yale maneno ya Neema, uso wa mzee ulibadilika kabisa. Aliigeuza karatasi ikalala kifudifudi, akaweka kiganja juu yake, akaanza kusema kwa Kisukuma, chini chini, kwa ukali ambao haukuhitaji mkalimani. Kabula alijibana ukutani.

Masanja alisita. "Mwalimu, mtanisamehe. Baba anauliza, ni nani aliyewaambia watoto wataje idadi ya ng'ombe?"

"Lakini mzee, hii ni picha tu," mwalimu mkuu akasema.

"Anasema hata picha. Anasema mtoto akizoea kwenye karatasi, kesho atataja zizini. Kwetu ng'ombe hatajwi idadi. Ukishaitaja umeita hasara, watapungua. Ng'ombe unamjua kwa rangi yake, kwa pembe zake, kwa mama yake. Jioni wakiingia unasimama mlangoni unawatazama. Wakiwa wametimia unasema, wapo."

Wapo. Wote wapo, mwalimu. Mtoto alikuwa amejibu! Alikuwa amewatazama ng'ombe wetu wa karatasi kama anavyowatazama wa baba yake, ameona hakuna aliyepotea, na ametujibu kwa heshima jibu kamili la nyumbani kwao. Tukamwandikia kwamba hajui. Nilimtazama Neema, naye alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Nimeuliza sana tangu siku hiyo. Wapo wafugaji wengi wanaohesabu mifugo yao bila wasiwasi wowote na kuandika idadi kwenye simu, kwa hiyo msitoke hapa mkasema Wasukuma wote ni hivi. Lakini watu wa kitongoji kile walikuwa wanaushika mwiko huo, na sisi katika ukarimu wetu, kati ya vitu vyote vilivyoko duniani vinavyohesabika, tulikwenda kuwachagulia kimoja wasichoruhusiwa kukihesabu. Tungewachorea viatu wangefaulu.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshtuka kama sisi, lakini alikuwa na hoja yake, na ilikuwa hoja ya kweli. "Mwalimu Zainabu, nimeelewa. Ila kiwango ni kiwango. Nikimlegezea huyu, kesho kila mzazi atakuja na mwiko wake, na watoto watapanda madarasa hawajui kitu. Tumetoka huko."

"Silegezi," nikamwambia. "Naomba muhtasari."

Akautoa. Nikamwomba asome mwenyewe, kwa sauti, ile safu ya kwanza. Akasoma: kuhesabu vitu.

"Pameandikwa ng'ombe?"

Akasoma tena, kimoyomoyo. "Pameandikwa vitu."

"Na kigezo?"

"Amehesabu kwa usahihi."

"Basi usahihi ubaki pale pale, nusu yake hatumpunguzii. Ng'ombe tumewaleta sisi. Tuwaondoe."

Mwalimu mkuu akaufunga muhtasari. Kisha akainuka mwenyewe, hakumtuma mtu, akaenda stoo ya chakula cha wanafunzi, akarudi amejaza mahindi kwenye bakuli la plastiki. Neema akatandika mkeka hapo hapo ofisini. Nikamwambia Masanja amweleze mzee kwamba hatutamgusa ng'ombe hata mmoja, wa kweli wala wa picha. Mzee akasikiliza, akauliza kitu.

"Anauliza kama mahindi yanaruhusiwa."

"Sisi tunamuuliza yeye."

Kwa mara ya kwanza mzee akatabasamu. Masanja akatafsiri, "Anasema mahindi hesabuni mpaka yaishe. Hayo hayana zizi."

Kabula akapiga magoti mkekani. Neema akammwagia punje nyingi kuliko idadi ya kipimo. Mtoto alizitazama. Hakuanza kuhesabu moja moja kama tulivyotarajia. Alizitenga kwanza kwa vidole, haraka haraka, mafungu ya kumikumi, akapanga mafungu mstari mmoja, na zilizobaki akaziweka pembeni. Ndipo akahesabu kwa sauti, akigusa. Alipomaliza alitaja idadi, na Neema akahesabu nyuma yake kuhakikisha. Ilikuwa sawa. Akamwongezea kiganja kingine, ikawa sawa. Akamwondolea, akamuuliza zimebaki ngapi, na Kabula akajibu kabla mkono wa Neema haujarudi kwenye bakuli.

Neema alilia waziwazi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona ya meza. Mtoto huyu alibakiza siku chache tu aondoke na mifugo kwenda kusini, na sisi tungeendelea na kazi zetu, na kwenye matokeo ya shule pangeandikwa kwamba hakuweza.

Mwalimu mkuu akatangaza hapo hapo kwamba kipimo cha watoto wote wa kitongoji kinarudiwa kwa mahindi. Kilirudiwa, na karibu wote walivuka. Wawili walishindwa kweli, mahindi kwa mahindi, na hao walirudia darasa kwa haki, Neema akakaa nao mpaka wakaweza. Ndiyo maana nilikataa kulegeza. Ningelegeza, wale wawili ningewaficha ndani ya huruma yangu.

Mzee Luhende alisimama, akampa mkono kila mmoja wetu. Kwa Kiswahili chake cha sokoni alisema, "Abaki. Kwa shangazi." Kisha akatoka nje na binti yake, na kupitia mlangoni nilimwona anamwonyesha Kabula kitu kwa fimbo kule barabarani, wote wawili wanacheka. Nilidhani kazi ya siku ile imekwisha.

Masanja alikuwa hajatoka. Alikuwa amechuchumaa mkekani anaokota punje na kuzirudisha kwenye bakuli, kijana mkubwa vile, kwa uangalifu mno. Nikamwambia aache, tutaokota wenyewe.

"Mimi nimesoma hapa, mwalimu," akasema bila kuinua uso.

"Hapa Ulaya? Uliishia la ngapi?"

"La pili. La kwanza nilirudia, la pili nikarudia. Halafu wakamwambia baba kichwa changu kizito, nikachunge."

Walimu waliokuwepo wakati huo wote wameshahama, mimi wakati wake nilikuwa nimehamishiwa kata nyingine, wala sikuwa na jina la mtu wa kumuuliza. Lakini nilijua swali linalofuata, na nilitamani nisiliulize.

"Walikupima kwa nini, Masanja?"

"Ng'ombe. Walichorwa pale ubaoni."

"Na wewe hukumwambia mwalimu kwamba kwenu hawahesabiwi?"

Aliinua uso. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Nilimwambia, mwalimu. Nilimwambia kila mara. Ila nilimwambia kwa Kisukuma, ndiyo lugha niliyokuwa nayo. Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka, akaniambia nikae."

Alimalizia punje za mwisho, akaliweka bakuli mezani mbele yangu. Kisha akasimama wima, mikono nyuma, macho chini, mtu mzima mwenye ndevu na mke nyumbani, akasema, "Naomba kutoka, mwalimu."

Nilishindwa kumruhusu. Alisubiri pale pale, mikono nyuma, mpaka Neema akamfungulia mlango.